Siku Mama Alipoingia Msibani Meksiko

Jumapili asubuhi, kabla ya ibada.

Kuna baridi. Upepo wa Juni umeamka kabla yetu, unapeperusha makapi ya alizeti uani na kuyarundika mlangoni. Bibi amejitanda vitenge viwili na bado anasema baridi ya mwaka huu ina meno. Mimi nimekaa jikoni karibu na mafiga, naandika kwa simu, vidole vikiwa vizito.

Sielewi vizuri hali yangu ya leo. Si furaha, wala si huzuni. Niko kama mtu aliyejitwisha ndoo iliyojaa mpaka ukingoni, anatembea taratibu asije akaimwaga.

Wanaosoma blogu hii ni wachache, wengi wenu ni wenzangu wa kidato cha tatu, na mnajua kwamba Mama yangu anafanya kazi kwenye meli ya kitalii upande wa pili wa dunia. Kwa asiyejua: Mama ni mhudumu wa vyumba. Anatandika vitanda, anasugua mabafu, anakunja taulo mpaka zinafanana na bata. Kazi hiyo aliianzia hotelini Zanzibar baada ya Baba kufariki, kisha akapata nafasi melini. Huu ni mwaka wa nne. Anakuja nyumbani wiki chache kati ya mkataba na mkataba, na mimi nalelewa na Bibi, mama yake mzazi, hapa kijijini kwetu karibu na Nduguti, wilaya ya Mkalama. Shule ni ya bweni, lakini sasa ni likizo.

Jana nilimtembeza Mama Meksiko.

Najua sentensi hiyo inachekesha. Mimi mwenyewe sijafika hata Dodoma. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Miaka yote hii, meli ikitia nanga mahali, wageni wanashuka na kofia zao pana kwenda kutembea, na Mama anashuka mpaka kwenye ukuta wa bandari, pale mtandao unaposhika. Anakaa chini, anatupigia simu, anapanda tena. Siku moja nikamwambia, "Mama, umezunguka nusu ya dunia na hujaona kitu zaidi ya ukuta." Akacheka. Akasema, "Nikatembee wapi, mwanangu? Mimi huko sina mwenyeji."

Basi nikaamua niwe mwenyeji wake.

Alinitajia bandari ambayo wangefika Jumamosi, na kwamba asubuhi hiyo angekuwa na saa chache za kupumzika. Mji unaitwa Progreso. Nikaufungua kwenye ramani ya simu na kuusoma wiki nzima kama ninavyosoma Jiografia. Bahari yake haina kina, kwa hiyo wamejenga gati refu ajabu linaloingia baharini, na basi ndilo linalowatoa watu melini mpaka nchi kavu. Ukishuka kwenye basi, ufukwe uko palepale. Ukiupa ufukwe mgongo na kuingia mitaani, kuna soko, na baada ya soko kuna kanisa lenye bustani na viti vya kukaa. Kila jioni tukimaliza kupura alizeti Bibi alikuwa ananiuliza, "Leo umefika wapi kwenye Meksiko yako?" Namjibu, "Nimefika sokoni, Bibi." "Bei zikoje?" "Sijui, Bibi, ni ramani tu." "Basi hujafika."

Lakini nilikuwa na sababu nyingine, na hiyo sikumwambia mtu.

Mkataba wa Mama unaisha Agosti. Katikati ya wiki alitupigia akiwa na furaha, akasema wanataka kumpandisha awe msimamizi wa wahudumu wa vyumba. Ila wanataka aunganishe, yaani asaini mkataba mpya bila kuja nyumbani kwanza. Jibu wanalitaka Jumatatu. Bibi akapiga vigelegele. Mimi nikasema hongera, Mama, na nilimaanisha. Simu ilipokatika nikaenda nyuma ya banda la kuku nikalia mpaka kuku wakanizoea.

Bibi aliniona. Hakunibembeleza. Aliniambia, "Usimlize mama yako kazini. Mtu anayelia hawezi kutandika kitanda kikanyooka."

Sikumwahidi chochote. Nilinyamaza tu, na yeye akauchukua ukimya wangu kuwa ahadi.

Mpango wangu ulikuwa huu: Mama atembee, aone bahari, aone watu, moyo wake ulainike. Akifika kwenye bustani ya kanisa, akae kwenye kiti chini ya kivuli. Hapo ndipo nimwambie, kwa upole na bila kulia, "Mama, usisaini kabla hujaja." Niliifanyia mazoezi sentensi hiyo nikichota maji, nikipepeta alizeti, nikifagia. Ni fupi sana. Lakini kila nikiisema peke yangu naishia katikati.

Jana jioni tukapanda kwenye mwamba nyuma ya nyumba, maana hapo ndipo picha za video hazigandi. Nilimshika Bibi mkono, na kigoda chake nimekibeba kichwani. Kwetu jua lilikuwa linashuka, kwao ndiyo kwanza asubuhi. Mama akapiga akiwa ndani ya basi, maji pande zote mbili. Alikuwa amevaa suruali na fulana nyeupe, nywele amezibana nyuma, begi begani. Kwanza nikadhani ni mgeni wa melini.

"Haya, mwenyeji," akasema, "nimefika kwako. Nipeleke."

Nikampeleka. Nikamwambia avue viatu, akavua. Akageuza simu tukaona miguu yake juu ya mchanga mweupe kama unga wa muhogo, halafu maji ya kijani yakaja yakaifunika, yakaondoka. Kulikuwa na ndege wakubwa wenye mfuko chini ya mdomo, wamekaa juu ya nguzo wametulia kama wazee wa baraza.

"Naomi, maji hayo yananyweka?" Bibi akauliza kwa sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya korongo. Haamini kwamba simu inasikia.

"Ya chumvi, Mama."

"Kama ya ziwa letu la Kindai?"

"Kama ya Kindai. Ila haya hayana ng'ambo."

Bibi akatikisa kichwa. Akasema ziwa lisilo na ng'ambo ni ovyo, mtu ataendea nini huko.

Mama akacheka, na wimbi likamkimbiza, akaruka pembeni ameshika suruali magotini, akacheka tena. Kicheko hicho sikukijua. Simaanishi kwamba nilikuwa nimekisahau. Sikukijua kabisa. Nikaona ajabu kumtazama mama yangu mzazi na kugundua kitu kipya, kama vile nimefungua chumba ndani ya nyumba yetu ambacho sikujua kipo.

Hapo ndipo ningesema. Nikajiambia ngoja, acha afurahi kidogo, utasema kwenye bustani.

Nikamwelekeza aache ufukwe, aingie mitaani. Nyumba za huko ni fupi, zimepakwa rangi za kila aina, nyaya za umeme juu zimechanganyikana kama nyuzi za mtoto anayejifunza kufuma. Mama alikuwa anamsalimia kila mtu mzima anayekutana naye, na wote wanaitikia. Nilikuwa nahesabu mitaa kwenye ramani, bado miwili tufike sokoni, aliposimama.

"Winfrida."

Mama akiniita jina zima, nyumba nzima hunyamaza.

"Kuna msiba hapa," akanong'ona.

Akaugeuza uso wa simu polepole. Tukaona nyumba ya bluu, turubai limefungwa toka ukutani mpaka kwenye mti. Pikapu imesimama, wanaume wanashusha viti vya plastiki bila kuzungumza. Mwanamume mmoja wa makamo amekaa kwenye ngazi ameshika kichwa kwa mikono miwili. Uani wanawake wameinama juu ya mabeseni, na mmoja anajifuta macho kwa nyuma ya mkono.

Na getini, juu ya stendi ya miguu mitatu, picha kubwa ya msichana. Maua meupe yameizunguka yote. Msichana amevaa gauni pana linalofika chini, na taji kichwani.

Bibi akanyang'anya simu mikononi mwangu. Akaitazama picha ile kwa muda mrefu.

"Masikini," akasema. "Hakuolewa. Wamemvika kibibi harusi."

Mama naye akasema hivyohivyo. Kwetu tumeona binti aliyefariki bila kuolewa akizikwa na shela, na picha yake inawekwa mezani na maua, watu wapite wamwone alivyokuwa. Hatukuwa na shaka hata kidogo. Wote watatu.

"Ni wa umri wako, Wini," Mama akasema. Sauti yake ilikuwa imebadilika.

Nami nikasema, na naandika hapa kwa sababu nimefundishwa kwamba shajara haina maana ikidanganya, nikasema, "Mama, soko liko mbele kidogo tu. Utachelewa."

Bibi alinigeukia kama nimemtukana. "Msiba unapitwa? Tangu lini?"

"Lakini hatuwajui, Bibi."

"Na wao walikuwa wanategemea kumjua atakayewafia?" Akaielekea simu. "Naomi! Usiingie mikono mitupu. Tafuta duka, nunua sukari. Mfiwa hakosi kunywa chai."

Mama akaenda duka la kona, akatoka na mfuko wa sukari. Akatoa kanga kwenye begi, hatembei bila kanga, akajitanda kichwani mpaka mabegani. Akaingia getini.

Na mimi, juu ya mwamba, nilimkasirikia yule marehemu. Ni kweli. Nilimtazama na taji lake na nikawaza: kwa nini leo? Saa zangu chache na mama yangu, na wewe umezichukua. Kisha nikaona aibu mpaka masikio yakawaka. Mtoto wa watu amekufa, na mimi nagombania kiti cha bustani.

Kilichofuata tulikiona kwa pembeni, maana Mama alikuwa ameiweka simu kwenye mfuko wa begi, kamera ikichungulia. Alikwenda moja kwa moja kwa mama mmoja mzee mwenye aproni, akapiga goti kidogo, akampa sukari kwa mikono miwili. Akamwambia pole kwa Kihispania. Anayajua maneno machache, amefundishwa na mwenzake wa melini. Yule bibi akaipokea sukari, akaitazama sukari, akamtazama Mama. Nadhani alikuwa anajiuliza huyu ni nani, kaalikwa na nani. Lakini nimegundua wanawake wa jikoni ni wale wale dunia nzima: mtu akija na mikono, anapewa kisu. Akavutiwa kiti, akaliweka begi kwenye kiti cha jirani, kamera ikimtazama yeye na geti, akasukumiwa beseni la vitunguu.

Mama akaanza kumenya. Wanawake wa huko wakaendelea kumenya. Visu vikawa vinagonga tu.

Halafu Mama akaanza kulia.

Kwanza tulidhani ni vitunguu. Hata wao walidhani hivyo, mmoja akampa kitambaa. Lakini mabega yake yalikuwa yanatikisika. Mama hakulia hivi hata siku ile anaondoka mara ya kwanza, siku hiyo alikuwa mkavu kama ngozi ya ngoma. Jana, uani kwa watu asiowajua, alilia kwa sauti. Alikuwa akisema kitu kwa Kinyiramba chetu, kilekile tena na tena. Alikuwa anasema, "Mtoto wa watu. Mtoto wa watu."

Bibi akanishika kifundo cha mkono na hakuniachia.

Yule bibi mwenye aproni akaweka kisu chini, akamkumbatia. Wengine wakasimama wamezunguka, wanaangaliana. Ndipo mlango wa ndani ukafunguka na msichana akatoka. Kaptura, ndala, kichwa chote rola za nywele, mkononi ana kipande cha mkate anatafuna. Akapaza sauti kulalamika kitu, kama mtu aliyeulizia pasi na hakujibiwa.

"Huyo ni mdogo wa marehemu," Bibi akasema. "Tazama walivyofanana. Pacha, wallahi."

Bibi ni Mlutheri wa siku nyingi, lakini akishangaa sana hukopa kiapo kwa jirani.

Pacha yule akapita mbele ya watu wote mpaka getini. Akarekebisha ua moja lililolegea kwenye picha. Kisha, labda ili aone kama imekaa vizuri, akasimama kando yake, akainua kidevu, akatabasamu.

Tabasamu lilikuwa lile lile. Na pengo dogo kati ya meno ya mbele lilikuwa lile lile.

Bibi akaisogeza simu karibu na macho.

"Winfrida," Bibi akasema taratibu. "Marehemu anakula mkate."

Nilianza kucheka kabla sijajua nacheka nini. Kule uani, dada mmoja anayejua Kiingereza alikuwa amemwuliza Mama kwa nini analia, na Mama akamweleza: picha, maua, turubai, gauni, mtu aliyeshika kichwa kwenye ngazi. Yule dada akafunika mdomo. Akawatafsiria wenzake. Nikaogopa wamechukia, maana kumtabiria mtoto wa mtu kifo si mchezo. Halafu yule bibi akafanya ishara ya msalaba, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa na akacheka mpaka aproni ikawa ya kufutia machozi. Mwanamume wa kwenye ngazi alikuwa baba wa msichana. Kumbe alishika kichwa kwa sababu ya gharama za sherehe.

Msichana mwenyewe, anaitwa Marisol, aliposimuliwa alikwenda akajilaza juu ya viti vitatu, akakunja mikono kifuani, akafumba macho, rola zake zikining'inia. Bibi yake akamchapa kwa taulo la vyombo.

"Mchape tena!" Bibi yangu akapiga kelele toka Mkalama. "Huyo ni mkorofi! Atakufa anacheka huyo!"

Yule dada akamweleza Mama kwamba huko kwao binti akitimiza miaka kumi na mitano anafanyiwa sherehe kubwa. Anaanzia kanisani, anavaa gauni kama lile, halafu anacheza na baba yake mbele ya watu. Picha inawekwa getini ili mgeni ajue amefika. Mama akawa anaitikia, anafuta macho, anacheka, analia tena. Kisha wakamwuliza kama naye ana binti.

Akanichukua toka kwenye begi. Ghafla nyuso zote zilikuwa zinaniangalia mimi, na mimi juu ya mwamba na kitenge cha kupepetea alizeti, makapi kwenye nywele. Nikapunga mkono. Marisol akapunga mkate. Yule bibi akasema kitu kirefu akinigusa shavu, yaani akiligusa shavu la simu, nikahisi aibu na raha kwa pamoja.

Wakauliza, ana miaka mingapi?

Mama akajinyoosha. Akasema kwa fahari, na akaonyesha na vidole ili wote waelewe: kumi na mitano, kama huyu wenu.

Nina miaka kumi na sita.

Nilitimiza mwezi wa tano. Siku hiyo walikuwa baharini, hakukuwa na mtandao, na baadaye sikumkumbusha. Nilifikiri ningenyamaza. Wanawake walikuwa wanapiga makofi kwa ajili yangu, na Mama anang'aa, na Bibi amenishika mkono kunionya. Lakini mdomo wangu ulifunguka wenyewe.

"Kumi na sita, Mama."

Nilisema kwa Kiswahili, taratibu. Wenyeji hawakuelewa, wakaendelea kupiga makofi. Ni sisi watatu tu tuliosikia. Niliuona uso wa Mama ukisimama. Midomo yake ilihesabu. Vidole vyake vilikuwa bado viko hewani, vile vitano vya mwisho, na hakujua avipeleke wapi.

Hakufika sokoni. Hakufika kwenye bustani ya kanisa. Wakati uliisha, ikabidi awahi basi. Walimfungia chakula cha moto kwenye majani ya mgomba, akakipakata kama mtoto. Sukari walikataa kumrudishia, na Bibi akasema ndivyo inavyotakiwa, ya msiba hairudishwi hata kama msiba wenyewe umekataa.

Alitupigia tena akiwa amekaa dirishani kwenye basi. Huku kwetu jua lilikuwa limegusa alizeti za mwisho zilizosimama shambani, na baridi imeanza kupanda toka bondeni. Nilimwona Mama akinitazama kweli, nyusi, shavu, shingo, kama mtu anayesoma.

"Toka lini una alama hiyo kidevuni?" akauliza.

"Toka mwaka jana. Niliangukia ndoo kisimani."

"Hukuniambia."

"Ilikuwa ndogo, Mama."

Basi lilikuwa linakimbia juu ya maji.

Na hapo nikaisema. Hakukuwa na bustani wala kivuli, na sauti haikuwa ya upole niliyoifanyia mazoezi. Nilisema, "Mama, usisaini kabla hujaja." Na nililia. Nilifanya kile hasa nilichokatazwa.

Nilimngoja Bibi anikaripie. Hakunikaripia. Alijifanya anatafuta ncha ya kitenge chake.

"Na ada?" Mama akauliza. Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayeuliza mwenzake.

"Nitahamia sekondari ya kata. Wapo wanaofaulu pale."

"Usiseme hivyo, Wini."

"Nasema kwa sababu nimefikiri. Sisemi kwa hasira."

Akageuka dirishani. Nikaona sikio lake, na mtandio wa kanga umeshuka, na nyuma yake maji yasiyo na ng'ambo. Nilidhani simu imeganda. Kisha akarudi.

"Sikiliza," akasema. "Usimamizi naupenda. Nimeutafuta kwa jasho, sitakudanganya kwamba siutaki. Lakini mimi leo nimemlilia mtoto wa mtu nikidhani amekufa, na wa kwangu yu hai na simjui umri." Akasita. "Jumatatu nitawaambia siunganishi. Nakuja Agosti. Tutakaa chini, wewe, mimi na Bibi, tuongee uso kwa uso. Nikirudi baharini nirudi umeniruhusu. Nisiporudi, nisirudi umenielewa. Wakinisubiri, sawa. Wasiponisubiri..."

Hakumalizia. Bibi akamalizia, kwa Kinyiramba, kwamba vitanda havijawahi kuisha duniani.

Basi likafika mwisho wa gati. Nikaiona meli, nyeupe, ndefu, madirisha mengi kuliko nyumba zote za kijiji chetu. Mama akasema lazima akabadilishe nguo. Akasema chakula cha Marisol atakula kabla ya zamu. Akasema nioge, nina makapi kichwani.

Kushuka mwambani Bibi aliniegemea, mzito na wa moto. Nilimwomba msamaha kwa kumliza Mama. Akasema, "Alikuwa ameshaanza kulia kabla yako, kwa watu. Afadhali amalizie nyumbani."

Ndiyo hali niliyoamka nayo leo. Najua Mama hajasema anarudi kabisa. Najua huenda nafasi ile akapewa mtu mwingine, na nikaja kujuta mwezi wa kumi ada ikidaiwa. Najua pia kwamba mama anayekuja Agosti simjui vizuri. Ana kicheko ambacho sijazoea. Naye atamkuta msichana mwenye urefu wa kumzidi, anayekunywa chai bila sukari na kubishana na Bibi. Itabidi tujuane. Labda tutaoneana haya siku za kwanza kama wageni waliolazwa chumba kimoja.

Kengele ya kanisa imelia mara ya kwanza. Bibi anaita, anasema nikiendelea kubonyeza hicho kitu tutakuta mchungaji ameshamaliza mahubiri. Naenda. Nitaomba kwa ajili ya Marisol, ambaye leo ameamka msichana wa miaka kumi na mitano na siku moja, mzima, labda miguu inamuuma kwa kucheza.

Lakini kuna jambo moja nitaendelea kulifikiria njiani, na sitamwuliza mtu. Basi litakaposimama pale stendi ya Nduguti, na mlango ufunguke, na Mama ashuke na begi lake: nianze kwa shikamoo kama nilivyofundishwa, au nianze kwa kumkumbatia?